Kadi Yako Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Mama yangu mpendwa,

Ni Ijumaa asubuhi hapa mtaa wa Najma, Doha, nimeketi kitandani, na wenzangu wa chumba wametoka. Kusoma hukujua. Barua zangu zote Nekesa ndiye aliyekusomea, na kuna neno ambalo sikutaka lipite mdomoni mwa dada yangu, basi miaka yote nikawa nakuandikia habari za joto na za chakula. Sasa wamekuzika na mimi sikuwepo. Hakuna tena wa kukusomea, kwa hiyo nitaliandika.

Nilijaribu kuja. Huku mtu hatoki nchini mpaka mwajiri atie sahihi, na karani aliniambia mkubwa yuko safarini, nirudi Jumapili. Nikamwambia mazishi ni Jumamosi. Akasema pole sana, na alimaanisha, lakini sahihi haikuwa yake. Nilirudi kwenye basi la kampuni nikalia mbele ya watu.

Unakumbuka siku chifu alipokuja nyumbani? Alisema kila boma lenye kijana aliyemaliza shule litoe mmoja aingie kundi la vijana wa chama tawala, la sivyo kibanda chako cha sokoni atapewa mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shati walilonipa lilikuwa kubwa, ukakaa nje ukalipunguza mikono kwa sindano. Ukaniambia, "Vaa tu, baba. Haya nayo yataisha."

Kazi yetu ilikuwa kusimama kwenye lango la soko na kudai kadi ya chama. Asiye nayo haingii, na mkaidi anapelekwa kwa chifu. Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: majuma ya kwanza niliipenda. Wanaume wenye umri wa marehemu baba walivua kofia mbele yangu. Nililazimishwa kuingia, lakini kutembea kwa kifua mbele hakuna aliyenilazimisha.

Halafu ikaja ile Jumanne. Jumapili kabla yake ulikuwa umenipa kadi yako nikaigongeshe muhuri wa mwaka mpya kwenye ofisi ya tawi. Niliigongesha, nikaitia mfuko wa kushoto wa shati, nikafunga kifungo, nikasahau. Jumanne asubuhi mwenyekiti wa tawi alitupanga mstari akatangaza kwamba kijana atakayekutwa na kadi ya mtu mwingine atahesabiwa anawauzia wapinzani. Juma lililotangulia tulikuwa tumeona mwenzetu mmoja alivyopigwa. Hapo ndipo nilipokumbuka, na mwenyekiti alikuwa amesimama begani pangu.

Ukaja na karai la maharagwe kichwani. Nikasema, "Kadi." Ulinitazama usoni, kisha ukatazama mfuko wangu, na niliona wazi kwamba umekumbuka pia. Ungesema tu iko hapo. Ulishusha macho ukajibu, "Nimeisahau nyumbani, afande."

Afande. Mimi, uliyeninyonyesha.

Mwenyekiti alicheka, akaniamuru nikupeleke mwenyewe. Nilikushika mkono tukapita katikati ya soko. Siku mbili walikupigisha magoti ukisugua sakafu ya saruji pale kwa chifu. Goti la kulia halikupona tena, na ulipoulizwa ulisema uliteleza mtoni. Kadi sikukurudishia kwa aibu, nawe hukuniuliza. Ulikwenda ukanunua nyingine.

Nimejitetea sana kichwani, Mama. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa naogopa. Kama ningeitoa wangenivunja mbavu, na kibanda kingekwenda. Yote ni kweli, ningesimama mbele ya hakimu nikayasema bila kudanganya. Lakini vijana wengine wawili wa kijiji chetu walitoroka wakalala mashambani mwa watu miezi mizima ili wasivae lile shati. Walikuwa na umri wangu na hofu yangu. Kila nikifika kwao, utetezi wangu unakwisha maneno.

Na uone nilikoangukia. Mnara ninaoulinda huko West Bay una milango ya vioo, na kazi yangu ni kudai kadi. Hapa tunaiita bataka. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa usafi, Mkenya kutoka Nakuru, ambaye namwona kila siku kwa miaka miwili. Akajipapasa, akaniambia, "Nisaidie tu leo, nimeiacha kwa lile begi lingine." Msimamizi wetu alikuwa nyuma yangu. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Sawa, afande," akaenda kusimama juani kusubiri basi la jioni. Saa tisa walimbeba kumpeleka hospitali. Amepona, lakini wamemwandikia barua ya onyo, na mimi nikaambiwa nimefanya kazi vizuri.

Nilifikiri umri ungenipa nguvu. Nina nywele nyeupe sasa, Mama, na mdomo wangu ulifungika vilevile. Pasipoti yangu iko kabatini kwa mwajiri, ada ya mtoto inangoja, na sijui ningefanya nini. Labda hata ile siku sikujua. Natamani mtu aniambie ni hofu iliyonishinda au ndivyo nilivyo.

Jana Nekesa alinipigia simu. Katika kuzungumza akaniambia kwamba ukiwa mgonjwa, kila mgeni alipokuuliza habari za mwanao wa kwanza, ulikuwa ukitabasamu na kusema, "Afande wangu yuko Doha." Nekesa alidhani ni kwa sababu ya kazi yangu ya ulinzi. Alicheka akisimulia. Mimi nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Ulikuwa umenisamehe, Mama, au ulikuwa unaendelea kunificha? Ni wewe peke yako uliyejua.

Lala salama. Goti lipumzike. Kadi yako bado ninayo, iko hapa mapajani ninapoandika, na muhuri wake haujafutika.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako