Kabari ya Randa

Kuze, Mombasa
9 Februari 2024

Mwanangu Zein,

Assalaam alaykum. U mzima huko Maskati? Wapata chakula cha maana, au ni zile tambi za pakiti? Sisi hatujambo, ila babako ni yule yule: tangu kile kiharusi, mkono umerudi, ulimi haujarudi. Kila asubuhi hushuka karakanani kuendelea na mlango wa chumba chako. Ataka ukirudi uukute umesimama.

Tatizo ni randa yake nyembamba, ile ya kuchongea ukingo. Akivuta mara mbili tatu, maranda hukwama kooni, pale yanapotokea, randa haiendi. Huitoa kabari inayobana chuma, akaifuta, akairudisha. Punde tena. Ni miaka sasa, wakati mwengine hukaa na kabari mkononi hata nikamhurumia, mtu mzima kuteswa na kijiti. Wewe ndiwe fundi uliyebaki. Nifanyeje?

Mamako

Maskati
12 Februari 2024

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Naubusu mkono wako na wa baba. Mimi mzima, na tambi nimeziacha, usinisute.

Hilo jambo dogo. Tazama ncha ya kabari. Bila shaka imechongwa nene, haijalala juu ya chuma. Pakiwa na mwanya hata wa unywele, maranda huingia hapo yakajazana. Kabari yenyewe ni mbovu, mama, sijui aliichonga nani. Mpe Griffins wa karakana ya jirani, achonge nyengine yenye ncha nyembamba, ilale sawasawa. Baba atafurahi.

Mwanao, Zein

Kuze
3 Machi 2024

Zein mwanangu,

Salaam. Leo sina moyo wa kujuliana hali.

Griffins alichonga kabari nzuri, randa ikawa yatema maranda marefu, safi. Nikampelekea babako nikicheka. Akavuta mara moja. Akaitoa kabari, akaigeuzageuza, akaiweka chini. Kisha akapiga magoti, akaanza kupekua maranda sakafuni. Nikamuuliza, "Baba Zein, watafuta nini?" Akaninyoshea mkono, akaonyesha kimo cha mtoto, hapa kiunoni.

Ndipo nikakumbuka. Ile kabari uliichonga wewe, likizo moja ya chuo cha Kurani, ungali mdogo, kazi yako ya kwanza. Wewe umesahau, nami nilisahau. Na mimi nilikuwa nimeshaitia kwenye jiko la makaa, nikachemshia chai.

Nilimwambia kweli. Hakukasirika, na hilo ndilo laniuma. Tangu siku hiyo hashuki karakanani, na chakula hurudisha. Ukiweza kuja, mwanangu, njoo.

Mamako

Maskati
8 Machi 2024

Mama,

Salaam nyingi. Nimeomba ruhusa, wamesema mpaka Idi ipite. Nimelia chooni ili wenzangu wasinione.

Nimechonga nyengine, kwa kisu, bila kupima, nene vile vile. Atakuja nayo Shukri, mwenzangu wa kazini, anarudi Mombasa baada ya siku kumi hivi. Mtilie baba mkononi. Mwambie ni mimi, na mwambie namkumbuka alivyoipokea ile ya kwanza: hakusema mbovu.

Mwanao, Zein

Kuze
21 Machi 2024

Mwanangu,

Salaam, na Mungu akupe subira. Uliyoyasikia kwenye simu ndiyo hayo. Babako tulimtoa hapa kwenda kuzikwa Jumanne baada ya swala ya Adhuhuri, watu wengi. Shukri alifika Magharibi yake. Alisimama mlangoni na kile kikaratasi ulichofungia kabari, asijue ampe nani.

Eda imenifunga ndani, lakini karakana si iko hapa hapa chini? Leo nilishuka. Nikatia kabari yako kwenye randa, nikavuta kwenye ukingo wa mlango wako. Randa ikaziba papo hapo. Nikaitoa kabari, nikaifuta, nikakaa nayo mkononi, na kila alama ya kisu chako niliipapasa. Nilikaa sana, Zein, hata adhana ikanikuta pale.

Mlango umebakia ukingo mmoja. Uje uumalize kwa randa yake, na kabari hii usiichonge tena. Miaka yote hiyo nikimuona amekaa nayo, nikidhani anateseka.

Mamako