Siku Zena Alipobishana

Mjukuu wangu Amina,

Marahaba. Huku Mtinko hatujambo, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kwa nini uende shuleni huko Mwanza wakati simu inafundisha kila kitu. Napinga, tena kwa sauti!

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, binamu yangu Zena alikuwa ametoka kuchunga ndama porini, ambako hakuwa na wa kuzungumza naye. Darasani hakutamka neno. Mwalimu akasema, "Huyu mzito. Ijumaa arudi kwao."

Kesho yake tulipalilia mtama wa shule. Mwanafunzi mwenzetu Hadija akajichagulia mstari msafi, akamwachia Zena uliojaa magugu. Zena akatupa jembe.

"Unaniona mimi ndama?"

"Kumbe unaongea!" Hadija akashangaa.

"Huwa naongea na wenye akili tu!"

Tukaangua kicheko. Wakazozana, Kinyaturu na Kiswahili vikichanganyika, hadi Mwalimu akaja, akamgeukia Zena.

"Wewe ungegawaje?"

Zena akafikiri. "Mwenye mstari msafi akimaliza, aje asaidie kwenye magugu. Tutoke wote pamoja."

Mwalimu akakubali. Ndama wangemfundisha wapi hayo?

Ijumaa ilipofika, Mwalimu alikuwa akimsihi Zena anyamaze, wenzake nao wapate kujibu.

Nakukumbatia,
Bibi yako