Mvua kwa Kichina, Macho Kwenye Gari

Jumatano, Al Khoudh, Maskati. Mvua ya jana imeosha kila kitu, hata kiyoyozi leo kimepumzika. Moyo wangu mwepesi, na wiki nzima haukuwa hivi.

Nianze na balaa lenyewe. Kazi yangu ya chuo ni kufuatilia macho ya watu wanaposikiliza Kichina. Msikilizaji anakaa mbele ya skrini yenye picha nne, anasikia neno moja, na kamera inayafuata macho yake. Picha ya neno lenyewe haimo. Ukisikia "chai", chai huioni, lakini kikombe kipo, na kama maana imekuingia basi macho yanakimbilia kikombe kabla hujajijua. Macho hayana subira. Ndiyo maana nayapenda.

Wiki iliyopita Mwalimu Lin, msimamizi wangu, akayapitia majibu. Wanafunzi waliotoka China, wakisikia "mvua", macho moja kwa moja kwenye mwavuli. Wanafunzi wetu Waomani, wanaojifunza Kichina miaka sasa, mwavuli hawana habari nao, wao wanaangalia gari. Karibu wote! Mwalimu akasema hawa neno hawajalielewa, nitafute wengine wanaojua zaidi, kazi ianze upya.

Kuanza upya ni mwaka mzima.

Nimeacha kazi ya benki kwa ajili ya digrii hii. Nyumbani walishachoka kuniuliza namaliza lini, skuizi wananitazama tu. Nimelia, tena si kidogo. Wale wanafunzi nnawajua, na mvua kwa Kichina wanaijua! Lakini ningesema nini mbele ya picha ya gari?

Jana alasiri ikanyesha. Mie nimejifungia chumbani na kompyuta, namsikia Mama anapiga kelele ukumbini, "Haya inukeni, wadi linashuka! We Thuraya, utakaa humo mpaka maji yakauke?" Wadi letu, hilo bonde la mto, mwaka mzima ni mawe matupu, kwa hivyo likishuka maji nyumba nzima hutoka kwenda kuliona na kusimama mbali, juu ya barabara. Nikachukua chupa ya chai, nikajibana kiti cha nyuma na wapwa zangu. Njia nzima magari, vioo vimeshushwa, watu wametoa mikono nje ilowe.

Nikatafuta mwavuli, hata mmoja. Wapi!

Loh! Sisi mvua ikinyesha hatujifichi, tunaingia garini tunaifuata. Nikapiga ukelele mpaka Mama akafunga breki. "Una wazimu, mwanangu?" Nikamwambia ninao, ila leo umenifaa.

Asubuhi hii nikaenda kwa Mwalimu Lin. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nikayaacha. Khabari ya jana sikumwambia. Nikamuomba tu akae yeye kwenye mashine, maana hajawahi kukaa. Akacheka, akakaa. Mwalimu ni Mchina wa kuzaliwa, lakini Maskati ameishi muda mrefu, mumewe wa hapa, watoto wake wanasoma hapa. Nikayachanganya maneno, asijue lipi linakuja.

Likaja "mvua". Kile kitone chekundu kinachoonyesha macho yake hakikusita. Kikaupita mwavuli, kikatua kwenye gari.

Nikamrudishia video aone. Akageuza uso, mie moyoni nikasema basi, nimeshamuudhi. Kumbe anafuta machozi huku anacheka. "Mama yangu alikuwa hanitoi nje bila ya mwavuli," akasema. Halafu akanambia jana yeye na watoto walikuwa kule kule wadini, wanakula chipsi garini.

Kazi haianzi upya. Ameniambia niandike kwamba walielewa, na kwamba macho ya msikilizaji yanaifuata maana mpaka kule mtu anakoishi. Hili la kwamba walielewa nimelirudia mara ngapi leo, njiani peke yangu kama mwendawazimu! Alhamdulillah.

Kesho naanza kuandika. Usiku huu nna suala moja tu la kujiuliza: nikija kupata nafasi ya kwenda China, nikakaa miaka kama alivyokaa Mwalimu hapa, haya macho yangu nayo yatauzowea mwavuli?

Mie nataka kwenda kujaribu.