Tai wa Kichwa Chini

Papa,

Maharage uliyopanda kule Kibati tumeyavuna. Kule hotelini ulikokuwa ukipika wameweka mpishi mwingine, na wageni wanaulalamikia mchuzi wake. Nilifurahi kusikia.

Sasa nikuambie habari ya kopo. Tulipotoka kukuzika nililifungua, lile kopo la kakao lenye sarafu za Meksiko ulizokuwa ukiwaomba wageni waliokuja kuutazama moto wa Nyiragongo. Watu walikucheka: pesa isiyonunua hata chumvi! Wewe ulipenda mlima uliochorwa nyuma ya jengo lao la mawe, ukasema hiyo ndiyo Nyiragongo yao. Nikafanya ulivyonifundisha. Weka upande wa mlima mbele yako, pindua sarafu toka juu kwenda chini, na tai wa upande wa pili lazima asimame. Kwenye moja tu tai alikuwa kichwa chini. “Mashine ililewa siku ile,” ulisema. “Hii ni yako, mutoto yangu, siku nitaenda.” Nilizipindua zote. Tai wote walisimama. Yangu haikuwemo.

Nikamshuku rafiki yako, Muzee Serugo. Nani mwingine? Ndiye aliyekuosha na kukuvika, mlango umefungwa. Kwenye kilio hakuniangalia usoni. Kila nilipompelekea bia ya mtama aliinamisha kichwa. Papa, niliitazama mikono yake mpaka nikasahau kukulilia. Alipovua koti nikalipekua: tumbaku na rozari. Basi ameificha kwake, nikasema. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliapa kumtaja mbele ya ukoo wote siku ya kumaliza matanga, vitu vyako vikigawanywa.

Siku hiyo nilikuwa nimeshasimama. Mama akanishika mkono, akanivuta nyuma ya jiko.

“Funga kinywa! Ni miye niliitia mu mukono ya papa yako. Serugo akamufunga vidole. Katekista asijue, atasema ni upagani.”

Nikamuuliza, kwa nini hiyo hiyo yangu, na kopo limejaa?

“Kila asubuhi alikuwa anaishika mbele ya kunywa kahawa. Kule angeshika nini?”

Kumbe muzee wa watu alikuwa anatunza siri yenu, na mimi namchunga kama mwizi wa kuku. Nikarudi, nikamjazia bia, nikampa kopo lote mikononi. Akalia. Hapo ndipo na mimi nilipokulilia, Papa, kwa sauti, mpaka majirani wakaja.

Lakini unanijua. Mama anaweza kunidanganya ili ukoo usigombane, na kaburi haliulizwi kitu. Bado namwangalia akilala.

Pumzika, Papa. Kaburi lako nitalipalilia, Mama nitamtunza, na koti la Serugo sitaligusa tena. Ila siku tutakapoonana, kabla hujanisalimia, fungua mkono nione.

Binti yako,
Mukamana