Vitabu Vilivyofungiwa Stoo

Kwa Mihayo wa Kiwanda cha Pamba,
Ngokolo,
Shinyanga.
14 Septemba, 1956.

Mpendwa Kaka Donatus,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute ukiwa umesimama wima, maana katika barua yako ya Mei ulisema mgongo unakuinamisha kama mzee. Je, umepoa? Na Wifi Serafina hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule huko Korogwe? Mniambie kila mmoja alivyo, msifupishe.

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Generosa ameota meno ya mbele na kitembe kimemtoka, ingawa baba yake anasikitika, alikuwa anakipenda. Mihayo bado yuko kiwandani na msimu huu pamba imekuja nyingi, anarudi na nyuzi nyeupe mpaka kwenye nyusi. Mama huko Kharumwa ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomgomea asubuhi. Mtama umejaa ghalani kwake na anasema usimtumie shuka jingine, umtumie sura yako.

Najua umenuna kwa ukimya wangu. Kusema kweli, mara tatu nilianza kukuandikia na mara tatu nikachana karatasi. Nilikuwa na uchungu, sikutaka usafiri mpaka Korogwe kwa stempu yangu. Sasa moyo umetulia, nakusimulia yote.

Kaka, vitabu vimetoka. Vyote viwili! Cha kwanza kinaitwa *Mlango wa Chini ya Mwamba* na cha pili *Ng'ombe wa Moshi*. Ni yule binti niliyekuandikia habari zake, anayeshuka shimoni kumtafuta baba yake, akakuta nchi ambako mvua inafugwa zizini kama mifugo na wachungaji wake wametengenezwa kwa moshi. Bwana Cornel, mwenye mtambo wa chapa kule Mwanza, aliniletea nakala za kwanza kwa treni. Nilizifungulia palepale stesheni. Nilizinusa, kaka. Mpagazi mmoja akaniuliza kama ni kitu cha kula.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Uliponitumia yale makaratasi ya ghala la mkonge yaliyokosewa chapa, uliandika juu yake maneno machache tu, kwamba upande wa nyuma ni mweupe. Hukuuliza nataka kuandika nini, wala hukucheka kwamba mama mzima anatunga habari za mazimwi. Kitabu cha kwanza chote nilikiandikia humo. Wabeja, kaka. Sijawahi kukushukuru vya kutosha.

Sasa sikiliza mkasa.

Unamkumbuka Bwana Kalisti, mwenye Duka la Nyota? Siku hizi ana duka hapa, ana jingine Mwanza, na la tatu liko Geita. Mtu wa pande hizi akitaka kitabu kisicho cha sala wala cha shule, ni kwake tu. Basi wiki ileile vitabu vyangu vilipofika dukani, yeye na Bwana Cornel wakakorofishana. Bwana Cornel huchapa bei nyuma ya jalada. Bwana Kalisti alitaka aachiwe apange bei mwenyewe, na visivyouzwa avirudishe siku yoyote apendayo. Mwenzake akakataa. Wakaandikiana barua kali, na mwishowe Bwana Kalisti akaviondoa vitabu vyote vya mtambo ule kwenye meza za maduka yake yote matatu.

Mimi sikuwa na habari. Nilivaa gauni langu la Pasaka, nikamshika Generosa mkono, tukaenda kuviona vimepangwa. Nilimkuta karani mezani, nikamwuliza. Akajibu havipo, tena havijafika kamwe. Na huku nyuma yake mlango wa stoo uko wazi, naliona boksi limeandikwa jina langu kwa wino mwekundu, juu yake wameweka magunia ya chumvi!

Bwana Kalisti akatoka. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama Generosa," akasema, "mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na mtambo."

"Lakini aliyebebeshwa chumvi si mtambo," nikamwambia. "Ni mimi."

Akatazama chini. Akasema biashara ni biashara, nisubiri wakubwa wamalizane. Ule usemi wa fahali wawili na nyasi nimeusema maisha yangu yote bila kuufikiria. Siku ile nilikuwa nyasi.

Kwa muda wa majuma kadhaa watu walinisimamisha njiani. Mwalimu mmoja alisema ametoka Old Shinyanga kwa miguu kununua kitabu, akaambiwa kimekwisha. Mwingine aliambiwa mwandishi ameacha kuandika. Kisha ikaja barua ya Bwana Cornel, ya kiungwana lakini nzito. Alisema vitabu visipotembea kabla ya Agosti kwisha, zile herufi za risasi alizozipanga kwa kurasa zangu itabidi azipangue azichapie kalenda za mwaka mpya. Na hicho cha tatu, nilichokuwa nimekifikisha katikati, asingeweza kukigusa.

Nikamwambia Mihayo nitakichoma cha tatu. Nilikuwa nasonga ugali, nikasema vile vile kavu. Yeye alikuwa anarekebisha mnyororo wa baiskeli. Hakuinua kichwa.

"Watu wa huku walisikiliza hadithi kabla Kalisti hajazaliwa," akasema. "Kama hawawezi kuja dukani, wewe wafuate waliko."

Jumapili yake akatengeneza sanduku la mbao, akalifunga kwenye keria ya baiskeli. Tukamwandikia Bwana Cornel atuletee nakala moja kwa moja nyumbani, naye akaleta zaidi ya tulizoomba.

Tulianzia Kolandoto. Yuko nesi mmoja pale hospitalini, Zipora, tuliyesoma naye. Alinikalisha barazani mbele ya wodi ya akina mama wanaosubiri kujifungua, akasema wengine wamekaa pale wiki nzima wakitazama ukuta. Nikasoma sura mbili. Nilipofika mahali zimwi linapomwuliza binti jina la mama yake, wote wakasogea karibu. Siku ya tatu mama mmoja aliyekwisha kujifungua salama alikataa kuchukuliwa na mumewe mpaka sura iishe. Mume akakaa kwenye ngazi na kofia yake magotini. Nusu saa baadaye alikuwa ananiambia nipaze sauti. Zipora alichukua vitabu vya wodi, walimu wakachukua, na mhubiri mmoja alichukua kimoja kimyakimya akakitia ndani ya koti.

Kisha nikapanda lori la pamba mpaka Kharumwa, kwa Mama. Kule sikusoma kwa Kiswahili, niligeuza kwa Kisukuma nikisoma. Majirani walijaa ua. Mama alisikiliza amekunja uso mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu binti ameiba uongo wangu," akasema, "akaupaka wino."

Walicheka, kaka, wakacheka! Lakini alfajiri nilimkuta amekaa na kitabu mapajani, anapitisha kidole juu ya herufi asizozijua. Akaniuliza jina lake liko wapi. Halikuwepo. Niliona aibu isiyosemeka. Katika cha tatu ukurasa wa kwanza utasema hivi: kwa Eufrasia, aliyeyasema kwanza.

Kutoka kwa Mama nikaenda mpaka kambi moja ya wachimbaji upande wa Geita. Nilikuwa na hofu, sitakuficha. Kambi ile ina watu wa kila kabila, na mwanamke anayefika peke yake na sanduku anadhaniwa anauza gongo. Aliyenipokea ni Mwamvua, mtu wa Pangani, anayewapikia wachimbaji chini ya banda la nyasi. Alinipa chai, akaniuliza nauza nini, na nilipomwambia akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Lakini aliniachia banda baada ya chakula cha mchana, wakati zamu moja inapumzika. Alisema hata kama hawatanunua, angalau hawatapigana.

Nikawasomea *Mlango wa Chini ya Mwamba*. Fikiria, kaka, kuwasomea habari za shimo watu wanaoishi shimoni! Nilipofika mahali binti anaposhuka gizani, nilipoandika kwamba mwamba ulikuwa kimya kama kaburi, mtu mmoja akainuka nyuma. Msukuma mwenzetu, Makoye, mrefu, kovu kubwa shingoni.

"Hapo umekosea, mama," akasema. "Mwamba haunyamazi. Kabla haujaanguka hunong'ona. Mchanga mdogo hudondoka, tss, tss, kama mtu anapepeta. Asiyesikia ndiye anayebaki."

Nikamwuliza kama yeye alisikia. Akasema alisikia. Ndugu yake, kwenye mashimo ya zamani walikochimba kabla ya kuja pale, hakusikia, alikuwa anaimba.

Nikafunga kitabu. Yeye akasema nisifunge, nisome mbele, anataka kujua yule binti alimkuta baba yake au la. Nikasoma mpaka pale anapomkuta amekaa na wenzake wanakula viazi na maziwa katika nchi ile ya chini, hana jeraha, na hawezi kurudi, lakini anamwuliza habari za nyumbani moja moja. Nilipoinua macho, Makoye alikuwa amegeukia nguzo ya banda. Mwamvua alikuwa ameacha kuosha sufuria.

Makoye alinunua vyote viwili, na hajui kusoma. Alisema wenzake watapeana zamu kumsomea. Kisha wakaja wengine, na sanduku la Mihayo likabaki tupu. Waliokosa nikawaambia ukweli, kwamba vingine viko Geita, Duka la Nyota, nyuma ya mlango.

Basi hao wakaenda. Jumamosi baada ya Jumamosi, wachimbaji na udongo wao mwekundu viatuni, wakisimama mezani kuuliza kitabu cha shimo. Karani akisema hakuna, wanajibu wataona wenyewe, wafunguliwe stoo. Walimu wa Kolandoto nao wakaandika barua moja yenye sahihi nyingi. Karani wa Geita akamwandikia tajiri wake kwamba amechoka kusema uongo, afadhali arudi kulima.

Tarehe ishirini Agosti Bwana Kalisti alikuja hapa nyumbani. Alikuja kwa miguu. Nilimwekea kiti, akakaa pembeni yake kama mgeni wa msiba. Akasema amekwenda Mwanza, wamekaa na Bwana Cornel kutwa nzima, na wameelewana: bei itabaki ile iliyochapwa, na visivyouzwa atavirudisha mwisho wa kila msimu, si siku yoyote. Kila mmoja ameachia kidogo. Hakuniomba radhi kwa mdomo. Lakini alipoinuka alisema amevisoma, na kwamba mke wake anataka kujua wale ng'ombe wa moshi walikwenda wapi.

"Hilo liko katika cha tatu," nikamwambia.

"Basi andika upesi," akasema, "nipate amani nyumbani kwangu."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, na kinyongo nilichokibeba tangu Mei sikukiona tena kilipo. Hata yeye namshukuru, kaka. Asingenifungia mlango nisingemjua Makoye.

Herufi hazikupanguliwa. Bwana Cornel anachapa tena cha kwanza, na nimemwomba abadilishe mstari mmoja: sasa mwamba unanong'ona. Cha tatu kitaingia mtamboni kabla ya Noeli, Mungu akipenda. Kitaitwa *Mvua Iliyofungwa*.

Nikupe la mwisho nikapike. Juzi nilipita mbele ya Duka la Nyota kununua mafuta ya taa jirani pale. Vitabu vyangu viko dirishani. Akatoka mwanamke nisiyemjua, kikapu kichwani na kitabu mkononi amekwisha kukifungua. Akawa anatembea huku anasoma, kikapu hakiyumbi. Alinipita karibu kabisa, bega kwa bega, hakuniona. Nikamfuata mpaka kwenye kona ya kuingia Ngokolo. Alikuwa anacheka peke yake. Nilisimama pale na chupa yangu ya mafuta mpaka alipopotea, wala sikumwita.

Mwambie Wifi Serafina nakala zake mbili nazituma kwa posta kesho, moja kwa ajili ya jirani yake yule anayekopa vitabu na kuvisahau. Wabusu watoto. Mihayo anakusalimu, anasema baiskeli imechoka lakini yeye hajachoka. Generosa anamwamkia mjomba wake. Mama anakutakia kila jema na anauliza utakuja lini. Nimemjibu mavuno yajayo, usinifanye mwongo wa namna mbaya. Mwamvua wa Geita, aliposikia nina kaka Korogwe, alisema nikuletee salamu za watu wa pwani.

Mungu anyooshe mgongo wako, akulinde kazini na njiani, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukushukuru,

Klara
(Mama Generosa)