Nyasi za Siku Mia na Hamsini

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na jina langu tafadhali usilitoe, kwa sababu bonde letu lina familia nne tu na zote husoma gazeti hili kabla halijatumika kuwashia jiko.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili, mfugaji wa kusini mwa milima ya Khangai, na nilicho nacho sikurithishwa na mtu, maana mwaka wa ile baridi kuu iliyoua mifugo nilibaki na vichwa arobaini na vitatu na leo ninavyo mia tano, kondoo mia na tisini na mbuzi mia tatu na kumi, farasi siwahesabu kwa kuwa wao hujitafutia mbali. Mwaka huu kiangazi chote mvua ilinyesha mara tatu, nami nikahamisha hema langu mara saba, majirani wakinicheka kwamba nina wazimu wa kuhama, ili malisho yanayozunguka zizi langu la majira ya baridi yasiguswe hata na ulimi wa ndama, na hayakuguswa, na nimeyapima kwa miguu yangu mwenyewe: yanatosha vichwa mia tano kwa siku mia na hamsini, tangu Novemba hadi mwisho wa Machi, hayazidi hapo.

Kosa langu, kama ni kosa, nililifanya mwisho wa Agosti kwenye harusi. Shemeji yangu Sodnom, mdogo wa marehemu mume wangu, alinipa kichupa chake cha ugoro akaniuliza kama ilivyo desturi, "Shemeji, mifugo imenona?" na wewe unajua swali hilo lina jibu moja tu, hata kama mbuzi wako ni mifupa mitupu unasema wamenona, lakini kwa kuwa ni yeye aliyewahi kutangaza kwamba mwanamke peke yake hamalizi majira mawili ya baridi, mimi sikuishia hapo, nikasema watu wote wakisikia, "Wamenona, na kwenye zizi langu la baridi nyasi zinafika goti." Hazifiki goti, mshauri. Zinafika kwenye kifundo cha mguu.

Wiki iliyopita akaja na pikipiki. Yeye miezi mitatu alikaa mahali pamoja kando ya barabara akiwauzia wasafiri maziwa ya farasi, na sasa kwake pamebaki vumbi. Nikampa chai, akanywa bakuli tatu, ndipo akasema, "Basi tarehe mosi Novemba tunaingia kwako. Wangu ni mia saba na hamsini."

Nikamwambia, "Sodnom, wako na wangu ni elfu moja mia mbili na hamsini. Nyasi za siku mia na hamsini zinakuwa za siku sitini. Januari tunawalisha nini, mawe?"

Akacheka. "Siku hizi unahesabu majani, shemeji? Habari ya goti uliileta mwenyewe, mimi niliuliza mifugo tu. Na tangu lini nyasi zikawa na mwenyewe?"

Hapo akanishika pabaya, kwa sababu kwetu anayekimbia ukame hanyimwi malisho, hata mimi mwaka ule wa baridi kuu nilipokewa na watu nisiowajua, na nikimkataa bonde zima litanigeuzia mgongo, na nikimkubali, Februari kondoo wangu wataanza kulala wasiamke, miaka yangu yote ya kazi ikiisha ndani ya mwezi mmoja. Nimkatae, au niiue mifugo yangu kwa adabu?

Ni mimi, Niliyehama Mara Saba

MSHAURI ANAJIBU

Uliyehama Mara Saba, pole, na kwa kule kuhama nakupa heko. Ila ulimtajia nyasi ambazo hazipo mtu ambaye zake zinakwisha, na ulifanya hivyo ili kumkomoa. Usijifanye hujui.

Shemeji yako naye asisingizie mvua. Nusu ya vumbi lile limechimbwa na kwato za mifugo yake. Lakini mkianza kunyimana, mwaka ambao mvua itakuruka wewe utaenda kwa nani?

Nimezisoma hesabu zako. Mbuzi mia tatu na kumi ni wa nini? Wa manyoya, najua, bei ni nzuri. Mbuzi huyo anang'oa mpaka mzizi, na mzizi ukitoka hakuna kuhama kutakakourudisha. Hilo Sodnom hakukufanyia.

Mwite kabla Oktoba haijaisha. Mpe chai, kisha mpandishe farasi, mkayaone malisho pamoja. Umwambie wazi, "Niliongeza chumvi." Utaona haya kwa nusu saa, hufi. Wanyama wake wenye nguvu waende mbali, wilaya nyingine, na barua ya kiongozi wa kata yenu mkononi, kabla theluji haijafunga njia. Wazee na tasa awauze au awachinje sasa wakiwa na mafuta. Atakayekufa bure Februari ni afadhali awe nyama ya akiba.

Kwako waingie mia moja tu: majike wenye mimba na wadogo wa mwaka huu. Na wewe, kabla hawajafika, uza au chinja mbuzi mia moja wa kwako. Mia wanatoka, mia wanaingia, siku zako mia na hamsini zipo pale pale. Najua itakuuma kulipia uvivu wa mtu mwingine, lakini mbuzi hao ilikuwa lazima uwatoe hata bila Sodnom.

Mapatano yafanyike mbele ya familia zote nne, kila mtu asikie. Halafu tarehe mosi Novemba simama mwenyewe mlangoni pa zizi na uwahesabu wanavyoingia. Wa mia na moja mrudishe, hata akiwa amebebwa begani. Bonde halitakulaumu.