Wifi Ndeshi Hatafungwa

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimekata majani ya ng'ombe, nimepika mtori wa ndizi. Wifi Ndeshi kaumwaga wote. Nilipomshika mkono, kaning'ata begani. Mtu mzima, ana nguvu kama mwanaume, ila akili yake ni ya mtoto mdogo. Tangu mama mkwe afariki namtunza mimi. Leo nimemwogopa. Shemeji Aminieli, kaka yake, kasema Jumamosi akitoka Kahe anakuja na kamba. Atamfunga zizini. Sikubishana. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi
Semina ya walezi, kanisani Kiboriloni. Muuguzi wa kutoka mjini, mama mnene, mcheshi. Kasema mtu aliyepandwa na hasira hashikwi. Rudi nyuma, kaa pembeni, mwachie njia. Sema kidogo, kwa sauti ya chini. Baadaye tafuta kilichomchokoza. Akifanya vizuri, msifu palepale. Tumefanya mazoezi wawili wawili, mmoja akijifanya mkorofi. Nimecheka mpaka machozi. Kuamini, bado.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemchunguza. Kabla ya kurusha kitu huziba masikio. Kumbe sufuria! Nikizigonganisha tu, anachafuka. Leo nimeziosha nje, mferejini. Kala, katulia.
"Asante wifi, umekula vizuri."
Kanitazama kama mgeni.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja na kamba. Kaingia anafoka, kamvuta Ndeshi kwa nyuma. Ndeshi kanyakua jembe. 
"Shemeji, mwachie! Toka nje!"
"Atakuua huyu!"
"Toka, nakuomba."
Akatoka. Nikasimama pembeni, mikono chini. "Ndeshi, niko hapa. Hakuna atakayekushika." Alitetemeka, alitetemeka. Mwisho akaliweka jembe chini taratibu, akakaa.
"Asante, wifi," nikamsifu palepale.
Nimelia mbele yake. Sikuona aibu.
Shemeji aliona yote dirishani. Nikamweleza semina ile ya Jumatano. Kauliza tu yule muuguzi anafundisha lini tena, na kama wanaume wanaruhusiwa. Kaondoka na kamba yake. Ee Mungu, nimepumua.

Jumapili, 10 Machi
Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Nilikaa jikoni nachagua maharage. Ndeshi kaja mwenyewe, kakaa kando yangu, kaanza kuchagua naye. Maharage anatupa, mawe anaweka. Sikumsahihisha. Tumekaa hivyo mpaka mvua ikapungua.